Kushika Hatamu

Mwaka nilioacha chuo nilirudi Ukunda na begi moja na deni la fizi. Mjomba wangu ni saisi wa farasi huko Diani. Hakuniuliza maswali. Aliniambia tu, "Kesho saa kumi na moja alfajiri tuwe bandani." Nilijua naenda kuzoa mavi, na kweli niliyazoa. Lakini pia nilipewa kazi ya pili: kusoma karatasi.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya mtihani wa dresaji, ngazi ya wanaoanza. Kama hujawahi kuuona usione aibu, hata mimi sikuwa naujua. Uwanja ni mita 20 kwa 40, na pembeni kuna herufi: A, K, E, H, C, M, B, F. Katikati kuna X ambayo haijaandikwa popote, unaibeba kichwani. Farasi anaingia kwa A, anasimama kwenye X, mpandaji anamsalimu jaji aliyekaa C, halafu kazi inaanza: duara za mita 20, kubadilisha mwendo, kusimama tena. Hakuna kuruka wala mbio. Kila kitendo kina alama yake, kutoka 0 hadi 10. Kinachotafutwa ni mdundo usioyumba, mstari ulionyooka, na mdomo wa farasi usiobishana na mkono wa mtu.

Mjomba ndiye aliyekuwa akimwandaa jike mmoja wa kahawia. Kila alfajiri anampanda, anamtembeza kwanza mpaka mgongo ulegee, kisha duara, kisha kusimama. Kiingereza cha ile karatasi kilikuwa kinamchelewesha, kwa hivyo mimi nasimama kando ya ua namfasiria kwa sauti. Siku ya kwanza nikafika kwenye ule mwendo ambao mguu wa mbele wa kulia unakwenda pamoja na wa nyuma wa kushoto, nikakwama. Nikasema, "Akimbie polepole."

"Hiyo ni matiti," akasema. "Sema, aende matiti."

Nilicheka mpaka nikashika ua. Yeye hakucheka. "Mpwangu, umefika chuo na hujui matiti ya punda?"

Usiku huo nikafungua kamusi kwa simu. Kumbe mzee yuko sawa. Matiti ipo. Telki, mwendo wa haraka usiofika mbio, ipo. Shoti ipo. Lijamu ni chuma cha mdomoni, kikuku ni pale unapotia mguu, hatamu ni ugwe wa kumwongozea. Hata saisi, kama farasi, ni neno lililotoka Kiarabu. Na hatamu tunayo kila siku kwenye taarifa ya habari: fulani ameshika hatamu za uongozi. Wengi wanaosema hivyo hawajawahi kuishika hata moja. Sasa lugha ilipata wapi maneno yote haya ya mnyama ambaye wengi wetu Kwale tunamjua kwa kubeba watalii ufuoni?

Farasi yuko pwani hii kitambo, ila hakuwahi kuwa wengi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, shajara ya safari yake inataja wapanda farasi wawili ufuoni wakicheza vita vya mchezo. Wawili tu, na ufuo umejaa watu. Mwaka 1840 Seyyid Said alipotuma meli yake, Sultana, hadi New York, zawadi zake kwa Rais Van Buren zilikuwa pamoja na farasi wawili wa Kiarabu. Binti yake Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, aliandika kwamba watoto wa jumba la Mtoni walifundishwa kupanda. Yaani farasi alikuwa wa jumba na wa zawadi. Sisi wengine tulikuwa na punda, na nadhani ni kwa punda maneno yale yalimfikia Mjomba.

Kilichomzuia farasi asienee ni wadudu. Ndorobo anabeba nagana, na katikati ya miaka ya 1890 David Bruce, akiwa Zululand, alikiona kimelea chake ndani ya damu ya mifugo wagonjwa. Kuna na maradhi mengine ya farasi yanayoletwa na usubi, ambayo yanaweza kumuua kwa siku chache. Vilima vya Shimba, hapo juu yetu, ni nyumba ya ndorobo mpaka leo. Wafugaji wa Kwale wameshajaribu kuwavisha ng'ombe kola zenye harufu kama ya kuro, manake ndorobo humkwepa kuro.

Na usidhani hii ni habari ya mifugo tu. Januari 1915 Waingereza na Wajerumani walipigana Jasini, jirani na Vanga. Katika vita vile vya Afrika Mashariki majeshi yalileta farasi, baghala na punda, nao wakafa kwa maelfu. Mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Kariakor ya Nairobi imepata jina kwa wapagazi hao, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi. Farasi aliposhindwa, binadamu aliwekwa mahali pake.

Dresaji nayo ilikulia jeshini, na jeshi lina vyeo. Kwenye Olimpiki ya London ya 1948, timu ya Uswidi ilishinda dhahabu, kisha ikapokonywa. Kosa? Mpandaji mmoja, Gehnäll Persson, alikuwa sajini, na mashindano yalikuwa ya maofisa peke yao. Farasi wake hakukosea hatua, cheo ndicho kilichokosea. Kufikia Helsinki 1952 sheria ilikuwa imebadilishwa. Persson akarudi, na Uswidi ikachukua dhahabu tena.

Nilimsimulia Mjomba hadithi ya Persson tukimsugua yule jike. Alinyamaza kidogo, akasema, "Saisi huyo."

Tulifika mahali nikauandika mtihani wote kwa Kiswahili nyuma ya daftari langu la chuo. A, ingia kwa matiti. X, simama, salimu. Mjomba akaushika kwa moyo. Kusimama ndiko kulikotusumbua: farasi asimame miguu minne sawa, asipige kwato, nzi wakimtembelea shingoni. Wiki tatu, kusimama tu.

Siku ya mtihani alipanda mtu mwingine, ndivyo kazi ilivyo. Sisi tulikuwa kwenye ua. Karatasi ya alama ilikuwa na jina la mpandaji na jina la farasi. Mjomba akashuka na kidole mpaka kwenye kusimama kwa kwanza. 7.

"Hii yangu," akasema, akanirudishia karatasi.

Mtihani unaofuata una mwendo wa tatu, ulio juu ya matiti na chini ya mbio zenyewe. Mimi nimeandika shoti. Mjomba anasema shoti ni kasi mno, farasi ataingia baharini. Bado tunabishana.