Kufunga nyumba Garissa kwa muda mrefu: Tisho ni maji, wala si ukame

IFIKAPO mwisho wa muhula wa tatu, mabasi yanayotoka Garissa kuelekea Nairobi, safari ya karibu kilomita 370, hujaa walimu, watumishi wa umma na wanafunzi wanaorejea makwao. Wengi wao hufunga nyumba mwishoni mwa Oktoba au mnamo Novemba, wasizifungue tena hadi Januari.

Nyumba wanayoiacha huwa imekauka. Ua ni vumbi tupu, tangi limekaribia kwisha na joto hupita nyuzi 35. Mwenye nyumba hufikiria kufuli na wezi, kisha huenda zake.

Hata hivyo, likizo hiyo huangukia majira ya vuli, ambayo Wasomali huyaita Deyr, kati ya Oktoba na Desemba. Katika mwaka wa kawaida, Garissa hupata chini ya milimita 400 za mvua, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha katika wiki chache za Deyr na za Gu, yaani masika. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na yale ya 2023 yalianza wakati wa Deyr. Yale ya 2024 yalifika kilele Aprili na Mei, wakati wa Gu, shule zikiwa zimefungwa.

Kwa hiyo, anayefunga nyumba Garissa, Wajir au Mandera, kaunti tatu za uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, anapaswa kuitayarisha kwa maji ambayo hatakuwapo kuyaona.

Mbu wa nyumba tupu

Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengue na chikungunya, hapendelei vinamasi vya mbali. Hutaga katika maji yaliyotulia karibu na watu: pipa, mtungi, gurudumu kuukuu, hata kifuniko cha chupa. Mayai yake hunata kwenye kuta za chombo na yanaweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Maji yakiyafikia, huanguliwa, na katika muda wa siku saba hadi kumi mbu wazima huruka.

Eneo hili halijasalimika na maradhi hayo. Mandera ilikumbwa na mkurupuko wa dengue mnamo 2011, kisha chikungunya mnamo 2016. Kwa kuwa maji ya bomba ni adimu, karibu kila boma huweka akiba ya maji, na akiba isiyofunikwa ndiyo makao ya mbu. Mwenye nyumba akiwa mbali, wanaoumwa ni majirani na watoto wao.

Kumwaga maji pekee hakutoshi. Mapipa na mitungi yasuguliwe ndani kwa brashi ngumu ili mayai yang'oke, yaanikwe juani, kisha yafunikwe kifudifudi au yawekwe ndani ya nyumba. Magurudumu, makopo na masufuria yaliyotoboka yaondolewe uani.

Tangi kubwa la plastiki lisiachwe tupu bila kufungwa, kwani upepo huweza kuliangusha. Likiachwa na maji, kifuniko kikazwe na bomba la kutolea maji ya ziada lizibwe kwa kitambaa cha chandarua. Koki kuu nayo ifungwe, maana mfereji uliokuwa mkavu siku ya safari huenda ukatoa maji usiku wa manane wiki mbili baadaye.

Choo cha kuvuta kina hatari yake. Maji yanayobaki katika tundu ndiyo huzuia harufu, mende na mbu wa shimo la majitaka wasiingie ndani. Kwa joto la Garissa, maji hayo hukauka upesi. Vijiko vichache vya mafuta ya kupikia vikimiminwa juu yake hupunguza ukaukaji, na tundu la bafuni hufunikwa kwa plastiki na kukandamizwa kwa jiwe. Choo cha shimo kifunikwe barabara.

Paa, ua na mto

Mwarobaini, mti unaotoa kivuli katika maboma mengi ya Garissa, hupukutisha majani ambayo huziba mifereji ya paa. Mvua ya kwanza ikishuka, maji hufurika na kupenya darini. Mifereji izolewe majani na misumari ya mabati ikaguliwe kabla ya safari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Langoni kuna adui mwingine, mathenge, mti ulioletwa kuzuia kuenea kwa jangwa na ambao baadaye ulitangazwa kuwa magugu hatari mnamo 2008. Mbuzi hula maganda yake na kusambaza mbegu kwa samadi. Lango likiachwa wazi wakati wa mvua, mwenye boma huenda akarudi kukuta miche ya miiba imeshika mizizi.

Kwa wakazi wa kingo za Tana, kama vile Madogo na Mororo, mvua ya Garissa si kipimo cha usalama. Mto hubeba maji ya nyanda za juu, na mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yakijaa, maji hushuka hata kama mbingu za Garissa ni nyeupe. Hati za shamba, vyeti vya shule na vya kuzaliwa visiachwe kabatini. Msafiri aende navyo, au avikabidhi kwa mtu anayeishi mwinuko. Godoro na magunia yawekwe juu ya meza.

Umeme, chakula na mchwa

Friji iondolewe kwenye umeme, isafishwe kwa siki na mlango wake uachwe wazi kidogo. Swichi kuu izimwe, vali ya mtungi wa gesi ifungwe, na petroli isiwekwe ndani. Dawa nyingi hazistahimili joto la chumba kilichofungwa, hivyo zisiachwe.

Nafaka na unga vigawiwe jirani. Vitabu na maboksi viinuliwe juu ya matofali, mbali na ukuta, kwa sababu mchwa hupanda penye giza na utulivu. Nyufa chini ya milango zizibwe ili nge na nyoka wasipate maficho.

Mtu wa kupita

Familia za wafugaji zinapohama na ngamia, wanawake huibomoa aqal, wakakunja mikeka na kuipakia na vyombo vyote. Hakibaki chombo cha kukusanya maji. Nyumba ya mawe haihamishiki, hivyo inahitaji mtu.

Huyo apewe ufunguo, nambari ya simu na kazi mahususi: apite mara moja kwa wiki, na baada ya kila mvua kubwa. Wiki moja si muda wa kubahatisha. Maji yakimwagwa kila siku saba, mbu wengi hawapati nafasi ya kukomaa.

Siku ya kurudi, milango na madirisha yafunguliwe kwanza. Iwapo maji yaliingia, umeme usiwashwe hadi fundi akague nyaya. Kinyesi cha popo kilowanishwe kabla ya kufagiliwa, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Penye visima vifupi, kama mjini Wajir, maji yaliyofikiwa na mafuriko yasinywewe kabla kisima hakijatiwa dawa. Tangi nalo lisafishwe kabla ya kujazwa upya.