Mwenye Risiti Ndiye Aliyeulizwa

Katikati ya miaka ya 1990, mtu aliyekuwa akipiga Windows 95 kwenye kompyuta alifika mahali mfumo ukamtaka aandike namba iliyobandikwa kwenye kasha la CD: tarakimu 3, kistari, kisha tarakimu 7. Wengi hawakuwa na kasha, maana CD yenyewe ilikuwa imepita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kuwafikia. Haikuwa taabu. Waliandika 1 mara kumi, kompyuta ikaridhika, kazi ikaendelea.

Siri ilikuwa kwenye hesabu. Mfumo haukuwa na orodha ya namba zilizouzwa wala pa kuuliza, kwa sababu kompyuta nyingi wakati huo hazikuwa na intaneti. Ulichofanya ni kuzikataa tarakimu 3 za mwanzo iwapo ni 333, 444 na kuendelea hivyo hadi 999, kisha kuzijumlisha zile 7 za mwisho na kutazama kama jumla inagawanyika kwa 7. Moja ziko saba, jumla yake ni 7, umepita. Ukiacha masharti mengine madogo, mtoto wa shule ya msingi angeweza kutunga namba zinazokubalika siku nzima kwa kalamu na karatasi.

Si kwamba Microsoft ilikuwa haijaanza kulalamikia wizi. Ilikuwa imelalamika tangu Windows haijazaliwa. Februari 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani waliokuwa wakinakiliana BASIC, programu aliyoiandika pamoja na wenzake kwa ajili ya kompyuta ya Altair. Nakala zilikuwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na mmoja wa tepe hizo ulichukuliwa kwenye maonyesho huko California na kuzaa nyingine nyingi. Gates alidai kwamba walionunua BASIC hawakufika asilimia 10 ya wenye Altair, na kwamba ukigawa mapato kwa saa walizofanya kazi, malipo yao hayafiki dola 2 kwa saa.

Hesabu yake ilikuwa ya kusikitisha, lakini wanunuzi nao walikuwa na yao. BASIC ikiuzwa peke yake iligharimu dola 500, bei ya kutisha kwa mtu aliyeunda kompyuta kwa mikono yake mezani nyumbani. Ilishuka sana kwa aliyenunua pia mbao za kumbukumbu za kampuni iliyotengeneza Altair, na mbao hizo zilijulikana kwa ubovu. Mwizi alipata programu peke yake. Mteja mwaminifu alibebeshwa na takataka. Ugomvi wa miaka 50 iliyofuata umo wote katika bei hizo mbili.

Kwa robo karne ulinzi ulibaki ule wa kutegemea haya za mtu: cheti cha uhalisia chenye picha inayometameta, namba kwenye kasha, onyo la sheria ambalo hakuna aliyelisoma. Gates mwenyewe hakuficha kwamba wizi ulikuwa na faida yake. Mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, alieleza kwamba Wachina walikuwa wakinunua mamilioni ya kompyuta bila kulipia programu, na kwamba maadamu wataiba, bora waibe za Microsoft. Wataizoea, na katika muongo unaofuata kampuni itapata namna ya kudai chake.

Muongo huo ulianza mapema. Windows XP ilipotoka tarehe 25 Oktoba 2001, ikiuzwa Marekani kwa dola 199 kwa toleo la nyumbani na 299 kwa toleo la kitaalamu, ilikuja na uamilishaji. Mnunuzi alipewa siku 30. Katika siku hizo kompyuta ilitakiwa iwasiliane na Microsoft na kukabidhi alama iliyotengenezwa kutokana na vitu 10 vilivyomo ndani yake: prosesa, diski, kiasi cha ramu, kadi ya mtandao, kadi ya picha, kisomeo cha CD na kadhalika. Asiye na intaneti alipiga simu, akasoma tarakimu zipatazo 50 kwa sauti, kisha akaandika nyingine zaidi ya 40 alizosomewa upande wa pili. Aliyebadilisha vipuri vingi kwa pamoja alirudi kuomba upya, kana kwamba kubadilisha diski iliyokufa ni jambo la kutiliwa shaka.

Na wezi? Wiki kadhaa kabla XP haijafika madukani, nakala ya toleo lililotengenezwa kwa ajili ya makampuni makubwa ilikuwa tayari imevuja. Toleo hilo halikuhitaji kuamilishwa kabisa, kwa hoja kwamba kampuni yenye kompyuta elfu moja haiwezi kupiga simu mara elfu moja. Namba yake, iliyoanza na herufi FCKGW, ilienea dunia nzima; watu waliiandika kwa kalamu nzito juu ya CD zenyewe, na mafundi wakaishika kichwani kama namba ya simu ya nyumbani. Microsoft iliifungia kwenye maboresho ya Septemba 2002, na nyingine zikachukua nafasi yake. Kwa hiyo aliyelipa dola 199 ndiye aliyesoma tarakimu kwenye simu. Aliyepewa CD na rafiki hakuulizwa lolote.

Katika Afrika Mashariki mkanganyiko ulikuwa na sura yake. Kompyuta nyingi zilizoingia ni mitumba kutoka Ulaya, na nyingi zilikuwa na stika ya Windows halali ubavuni, au chini ya tumbo kama ni laptopu. Stika ya laptopu ilisuguliwa na meza na mapaja hadi herufi zikafutika. Hata pale iliposomeka, namba yake ilikubaliwa tu na CD ya aina iliyotolewa na watengenezaji wa kompyuta, na CD hiyo ilikuwa imebaki ofisini huko Uingereza au Uholanzi. Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue angefanyaje? Alipiga Windows kwa CD aliyokuwa nayo, kwa namba aliyoijua. Kompyuta iliyoingia nchini na leseni yake kamili ikatoka dukani kwa fundi ikiwa haramu, mwenyewe asijue kilichobadilika.

Tena hii ilikuwa kabla nyaya za intaneti za baharini hazijafika mwaka 2009, wakati intaneti ilipitia setilaiti kwa bei ya kuumiza. Kifurushi cha pili cha maboresho ya XP kilizidi megabaiti 250. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichagua njia nyingine: mwaka 2004 mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, huru kunakiliwa na yeyote.

Mwaka 2005 Microsoft ilianza kukagua uhalali wa kila aliyetaka kupakua nyongeza kwenye tovuti yake, ingawa viraka muhimu vya usalama viliachwa wazi kwa wote kwa njia ya maboresho ya kiotomatiki. Siku chache hazikupita kabla wajanja hawajagundua kwamba mstari mmoja ulioandikwa kwenye kisanduku cha anwani cha kivinjari unatosha kuuzima ukaguzi wote. Mwaka uliofuata kampuni ilikwenda mbali zaidi. Ilituma kipande cha programu kupitia mlango uleule wa maboresho muhimu, na Juni 2006 ikabainika kwamba kipande hicho kinawasiliana na seva za Microsoft kila siku bila mtumiaji kuelezwa. Kesi ikafunguliwa mahakamani Seattle, walalamikaji wakikiita cha kijasusi. Kabla mwezi haujaisha Microsoft iliondoa mawasiliano hayo ya kila siku. Kesi yenyewe ilikoma mwaka 2010. Madhara makubwa zaidi hayakuwa ya kimahakama. Watu walijifunza kuogopa maboresho, na wenye nakala za wizi wakayazima kabisa, wakaacha mashine zao wazi kwa virusi vilivyowarukia hata majirani waliolipa.

Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ndiyo iliyoonyesha ukali wote. Kompyuta ambayo haikuamilishwa kwa wakati ilimwachia mtumiaji kivinjari peke yake, kwa saa moja, kisha ikamtoa. Mafaili yake yapo humo humo, hayafikii.

Halafu ikaja Agosti 2007. Kwa takriban saa 19 kati ya tarehe 24 na 25, seva za ukaguzi ziliharibika baada ya wahudumu wa Microsoft kuziwekea kwa makosa programu ambayo haikuwa tayari. Nakala zilizonunuliwa kihalali zikatangazwa kuwa feki, na kwenye Vista baadhi ya mapambo na huduma vikazimwa. Kampuni ilisema mashine zilizoathirika hazikufika 12,000. Ni kweli idadi hiyo ni ndogo kwa mfumo wenye watumiaji wa mamilioni. Lakini wenye mashine hizo wote walikuwa wamehukumiwa na mashine iliyokosea yenyewe, na aliyetumia nakala isiyowasiliana na seva alilala usingizi wake. Vista ilipopata maboresho makubwa mwaka 2008, kile kifungo cha saa moja kiliondolewa, yakabaki maonyo.

Oktoba mwaka huohuo, miaka 10 baada ya Gates kuwazungumzia Wachina, Microsoft ilikwenda kudai. Mandhari ya kompyuta zenye XP isiyo halali ilianza kugeuka nyeusi kila baada ya dakika 60. Mtumiaji angeweza kurudisha picha yake na kuendelea na kazi. Baada ya saa moja, nyeusi tena. China ilichemka. Wakili Dong Zhengwei wa Beijing aliishtaki kampuni kwa Wizara ya Usalama wa Umma akiiita mdukuzi mkubwa kuliko wote nchini humo. Wengi waliokasirika walikuwa wamenunua kompyuta dukani, kwa fedha taslimu, na Windows ikiwa imeshapigwa. Hawakujua kama muuzaji alilipa au la, na yeye hakuna aliyemgeuzia chochote kuwa cheusi.

Urusi ilitoa mfano mchungu kuliko huo. Aleksandr Ponosov, mwalimu mkuu wa shule ya kijijini huko Perm, alifikishwa mahakamani kwa sababu ya kompyuta 12 zilizoletwa shuleni zikiwa tayari na programu za wizi. Mikhail Gorbachev alimwandikia Gates kumwombea. Microsoft ilijibu kwamba mashtaka si yake. Mwaka 2007 Ponosov alipigwa faini ya ruble 5,000, na baadaye akaachiwa kwenye rufaa. Januari 2010 polisi wa Irkutsk walivamia shirika la mazingira la Baikal Environmental Wave na kubeba kompyuta zake kwa hoja hiyohiyo, ingawa shirika lilisema programu zake lilizinunua. Gazeti la New York Times lilipoyaanika hayo Septemba, Microsoft iliyapa mashirika yasiyo ya kiserikali ya Urusi na nchi nyingine kadhaa leseni ya bure bila hata kuombwa, ili polisi wasiwe tena na kisingizio.

Tangu hapo kufuli zimelegea. Toka Windows 8 ya mwaka 2012, namba kwa kompyuta nyingi mpya imehifadhiwa ndani ya madabodi, hakuna tena stika ya kufutika. Ila leseni ya namna hiyo imefungwa kwenye madabodi hiyo, nayo ikiungua, huenda nayo. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, huendelea kufanya kazi bila kuamilishwa, ikiwa na maandishi hafifu pembeni ya skrini na mipangilio michache iliyofungwa.

Machi 2023 mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Afrika Kusini alieleza yaliyompata. Alinunua Windows 10 kwa takriban dola 200, namba ikakataa, akaomba msaada kwa Microsoft. Mhudumu aliingia kwenye kompyuta yake kwa mbali, akahangaika, kisha akaandika amri moja iliyoita programu ya wajanja wa mtandaoni, ileile inayotumiwa na wasiolipa. Windows ikakubali papo hapo. Microsoft ilipoulizwa na waandishi ilisema njia hiyo ni kinyume cha sera zake, na kwamba inalichunguza tukio hilo.