Nyuso Zenye Majina: Picha ya Timu ya Michezo katika Historia ya Rusizi

Ikisiri

Makala haya yanaichunguza picha ya timu ya michezo kama chanzo cha historia katika Wilaya ya Rusizi, iliyokuwa sehemu ya Cyangugu, kusini magharibi mwa Rwanda. Hoja kuu ni kwamba thamani ya picha hiyo kwa mwanahistoria imo katika desturi yake ya kuuambatanisha kila uso na jina. Makala yanaifuata desturi hiyo kutoka Uwanja wa Kamarampaka hadi mashindano ya baiskeli ya Tour du Rwanda, na kuonyesha kwamba upigaji picha wa kiwango kikubwa umeikuza desturi hiyo kwa waendeshaji huku ukiwaacha wakazi wa Rusizi bila majina.

1.0 Utangulizi

Mto Rusizi hutoka katika Ziwa Kivu na kuelekea Ziwa Tanganyika, na pale unapoanzia ndipo ulipo mpaka wa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ng'ambo moja ni Bukavu. Ng'ambo ya pili ni Cyangugu na mji wa biashara wa Kamembe, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya mpakani muda mrefu kabla ya Bunge la Rwanda kukipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Kutokana na mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, sehemu kubwa ya iliyokuwa Cyangugu iliingia katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke.

Msomaji yeyote wa magazeti ya Afrika Mashariki anaifahamu picha ya kikosi. Safu ya nyuma husimama, safu ya mbele huchuchumaa. Mlinda mlango hutambulikana kwa jezi yake ya rangi tofauti. Mpangilio huo una kazi maalumu. Humwezesha mhariri kuandika chini ya picha: waliosimama kutoka kushoto ni fulani na fulani, waliochuchumaa kutoka kushoto ni fulani na fulani. Ni picha chache za umma zinazodai maelezo kamili kiasi hicho. Picha ya mkutano wa hadhara hutaja mgeni rasmi, picha ya sokoni hutaja soko, lakini picha ya timu isiyo na majina huonekana kuwa na kasoro. Swali la makala haya ni desturi hiyo ina uzito gani katika mji wenye historia kama ya Rusizi.

2.0 Uwanja wa Kamarampaka

Neno Kamarampaka linatokana na maneno ya Kinyarwanda kumara impaka, yaani kumaliza mabishano. Ndilo jina walilolipa Wanyarwanda kura ya maoni ya tarehe 25 Septemba 1961 iliyokomesha ufalme, na ndilo jina la uwanja wa Cyangugu. Klabu ya kandanda ya Espoir, ambayo jina lake la Kifaransa lina maana ya tumaini, imeutumia uwanja huo kwa mechi zake za nyumbani.

Mwezi Aprili 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu waliokuwa wamejihifadhi katika kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa uwanjani hapo tarehe 15. Siku iliyofuata majina yalisomwa kutoka katika orodha. Waliotajwa walitolewa na kuuawa. Matukio ya uwanja huo yalichunguzwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda katika kesi ya Cyangugu, ambayo hukumu yake ilitolewa Arusha tarehe 25 Februari 2004. Mwezi Mei waliosalia walipelekwa katika kambi ya Nyarushishi.

Basi orodha ya kikosi na orodha ya kifo zimesomwa katika uwanja mmoja. Jambo hilo linamzuia mtafiti kudai kwa wepesi kwamba kumtaja mtu kwa jina ni kumheshimu. Jina linaweza kutajwa ili mtu atoweke. Kinachotofautisha ni nani aliyeishika orodha, kwa kusudi gani, na kama anayetajwa ameridhia. Katika picha ya timu mchezaji huja mwenyewe, huchagua kusimama mbele ya kamera, na hujua kwamba jamaa zake watamtafuta katika safu. Jina lake huandikwa ili abaki.

3.0 Daraja na umati

Cyangugu iliingia katika macho ya dunia kupitia picha za aina nyingine. Mwezi Juni 1994 wanajeshi wa Ufaransa wa operesheni iliyoitwa Turquoise waliingia Cyangugu kutoka Bukavu, wakifuatana na waandishi wa habari. Wiki chache baadaye mkondo mkubwa wa watu ulivuka kuelekea Kongo, wakati huo Zaire. Picha za siku zile zinaonyesha magodoro na madumu vichwani, na watoto waliofungwa migongoni. Maelezo yake mara nyingi yalikuwa mafupi: wakimbizi wa Rwanda.

Miongoni mwa waliovuka walikuwamo raia waliojawa na hofu, na pia watu walioshiriki katika mauaji. Lenzi haikuweza kuwatenganisha, na maneno machache yaliyoandikwa chini ya picha yaliwafunika wote kwa pamoja. Kwa hiyo umati usio na majina ni tatizo la heshima na pia la ushahidi. Asiye na hatia hakupata nafasi ya kutambuliwa, na mwenye hatia alipata mahali pa kujificha.

4.0 Timu ya baiskeli kama sura ya taifa

Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, na mshindi wa kwanza alikuwa Mnyarwanda Célestin Ndengeyingoma. Mwaka 2009 iliingia katika kalenda ya Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, na mwaka 2019 ikapandishwa daraja. Katikati ya safari hiyo iliundwa Team Rwanda, chini ya kocha Mmarekani Jonathan Boyer, mshiriki wa kwanza kutoka Marekani katika Tour de France. Timu hiyo ilifuatwa na kamera kwa miaka kadhaa, na filamu ya hali halisi iitwayo Rising from Ashes ikatoka mwaka 2012. Mwaka huohuo Adrien Niyonshuti, aliyenusurika mauaji ya kimbari, alibeba bendera ya Rwanda katika ufunguzi wa Olimpiki ya London.

Filamu hiyo iliwapa waendeshaji majina na kuyafikisha mbali. Hata hivyo, kila mwendeshaji alitakiwa pia kuwa mfano wa nchi iliyoinuka. Mzigo huo haukumpata Mfaransa au Mbelgiji aliyepigwa picha akipanda mlima. Ushindi wa Valens Ndayisenga mwaka 2014 na 2016, wa Jean Bosco Nsengimana mwaka 2015, wa Joseph Areruya mwaka 2017 na wa Samuel Mugisha mwaka 2018 ulisaidia kuupunguza: sasa palikuwa na washindi wa kuandikwa kwa ushindi wao.

5.0 Kamera zinapofika Rusizi

Rusizi imekuwa kituo cha mashindano hayo kwa nyakati mbalimbali. Mwaka 2020, kwa mfano, hatua moja ilitoka Huye hadi Rusizi, na iliyofuata ikatoka Rusizi hadi Rubavu kwa njia ya kandokando ya Ziwa Kivu, safari ya zaidi ya kilomita 200. Asubuhi ya kila hatua, kila timu hupanda jukwaani kutia saini. Waendeshaji, kwa kawaida watano kwa timu, husimama kwa muda mfupi, majina yao hutangazwa, na kamera hufanya kazi yake. Hii ndiyo picha ya kikosi ya zamani katika umbo jipya.

Baada ya hapo kazi hubadilika. Mpiga picha hukaa nyuma ya pikipiki inayoendeshwa na dereva mzoefu. Hutangulia, hushuka, hupiga, kisha hutafuta nafasi ya kulipita kundi tena. Katika barabara yenye kona nyingi nafasi hiyo ni haba, hivyo mahali pa kusimama huchaguliwa mapema. Ndani ya msitu wa Nyungwe mwanga ni hafifu na lami huweza kuwa na unyevu. Ghafla msitu huisha na mashamba ya chai ya Gisakura hufunguka katika jua kali. Uchaguzi wa mahali ni uchaguzi wa mandhari, na katika mandhari hiyo wamo watu: ukuta wa wakazi pande zote mbili, wengine wameshika baiskeli zao za kubebea mizigo na abiria. Mwendeshaji hutambuliwa kwa namba ya mgongoni. Wakazi huandikiwa neno moja: mashabiki.

Lakini watu hao si pazia. Gasore Hategeka alikuwa mbeba viazi kwa baiskeli kabla ya kuingia Team Rwanda. Leo aliyesimama pembeni na baiskeli ya mizigo anaweza kesho kuwa jukwaani, na picha ya leo ingekuwa ukurasa wa kwanza wa historia yake endapo jina lake lingeandikwa.

Upande wa pili wa suala hili unaonekana Ulaya. Tangu mwaka 2018 nembo ya Visit Rwanda ilivaliwa na wachezaji wa Arsenal, na klabu za Paris Saint-Germain na Bayern München zikafuata kwa mikataba yao mwaka 2019 na 2023. Katika picha za kikosi cha Arsenal jina la Rwanda lilionekana bila uso wa Mnyarwanda. Kandokando ya barabara ya Rusizi, uso wa Mnyarwanda unaonekana bila jina lake.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba picha ya timu ni chanzo kinachostahili kusomwa kwa makini kuliko inavyofanyika, hasa katika mji ambako picha za umati zimewahi kuficha mengi na orodha za majina zimewahi kuua. Mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, wanaohifadhi picha za Espoir na za Tour du Rwanda waandike mahali, tarehe na majina kwa Kinyarwanda na Kiswahili, ili hata msomaji wa Bukavu azitumie. Pili, watafiti wazipeleke picha hizo Kamembe, sokoni na mashuleni, na kuwauliza wenyeji waliomo ni akina nani na kama wanaridhia kutajwa. Waliosimama kandokando ya barabara mwaka 2020 wengi wao bado wapo. Kazi hiyo ni rahisi sasa. Baada ya kizazi kimoja atakuwa hayupo wa kuulizwa.