Waya za meno: kutoka uzi wa Fauchard hadi plastiki

Mtu mzima mwenye meno yaliyobanana huambiwa mara nyingi: "Umechelewa, hiyo ni dawa ya watoto." Sivyo.

Mwaka 1728, mganga wa meno Mfaransa Pierre Fauchard aliandika namna ya kunyoosha meno kwa ukanda wa madini uliofungwa kwa uzi. Katika miaka ya 1920, Mmarekani Edward Angle akaleta vishikizo vyenye mfereji wa kupitisha waya. Waya za chuma za leo zimetoka huko. Lakini Angle alikataa kung'oa meno. Mwanafunzi wake Charles Tweed aliona midomo ya wagonjwa wengine ikisukumwa mbele, akaanza kung'oa meno manne ili nafasi ipatikane.

Kiisha watu wazima wakataka waya isionekane. Katika miaka ya 1970, Kinya Fujita wa Japani na Craven Kurz wa Marekani waliiweka nyuma ya meno. Vikaja vishikizo vya kauri, vyenye rangi ya jino. Mwaka 1997 ikaanzishwa Marekani kampuni iliyoleta Invisalign, vifuniko vya plastiki vinavyovuliwa wakati wa kula.

Chuma ni imara. Kauri hufichika lakini huvunjika upesi. Waya ya nyuma husumbua ulimi. Plastiki haisaidii ikikaa mfukoni. Zote husukuma jino polepole huku mfupa ukijijenga upya, hata kwa mtu mzima, mradi fizi ni nzima.

Basi ukifika kwa mganga, usianze na ipi haionekani. Uliza kwanza: nafasi ya meno yangu itatoka wapi?