Je, ajali haina kinga? Historia ya kupima hatari za kazi hospitalini, kutoka Yambuku hadi bonde la Semuliki

Utangulizi

Methali ya Waswahili yasema kwamba ajali haina kinga. Neno ajali limetokana na neno la Kiarabu ajal, ambalo maana yake ya asili ni muda uliowekwa, hasa saa ya kufa iliyokwisha kukadiriwa. Kwa maana hiyo, mtu aliyefikwa na ajali hakukosa, wala hakuna aliyemkosea. Muda wake umetimia, basi. Neno hatari, ingawa nalo asili yake ni Kiarabu, lina sura nyingine. Hatari huweza kuonekana kabla haijafika, na ndiyo sababu methali ya pili hutuasa: tahadhari kabla ya hatari. Methali hizi mbili huishi katika vinywa vya watu wale wale, lakini haziwezi kuongoza mahali pa kazi pamoja. Anayeshika ya kwanza huzika na kusahau. Anayeshika ya pili hana budi kuuliza nani aliijua hatari, tangu lini, na alifanya nini.

Makala haya yanachunguza namna safari kutoka methali ya kwanza hadi ya pili ilivyofanyika katika hospitali za Kongo na za jirani yake Uganda, tangu mwaka 1976 hadi 2020, na yanaishia Kamango, katika utawala wa Watalinga, wilayani Beni, Kivu ya Kaskazini. Hospitali imezoeleka kutazamwa kwa macho ya mgonjwa, yaani kama mahali pa kupona. Kwa muuguzi, kwa mfagiaji na kwa mfuaji wa mashuka, hospitali ni mahali pa kazi, sawa na karakana au mgodi, na ina hatari zake.

Dhana yenyewe

Kupima hatari za kazi ni wajibu wa mwajiri. Kwa ufupi, mwajiri hutakiwa kutambua kila kitu kinachoweza kumdhuru mfanyakazi. Kuamua ni nani anayeweza kudhurika na kwa njia gani. Kuondoa hatari hiyo, au kuipunguza pale isipoondoka. Kuyaandika aliyoyaona na aliyoyaamua. Kisha kuyapitia upya kila kazi au mazingira yanapobadilika. Mpangilio huu una maana. Kuondoa hatari hutangulia, na vazi la kinga huja mwisho. Glavu si mbadala wa utaratibu mbovu.

Wajibu huo uliandikwa katika agizo la nchi za Jumuiya ya Ulaya la Juni 1989. Katika Afrika ya Mashariki, Tanzania ilitunga sheria yake ya usalama na afya kazini mwaka 2003, Uganda mwaka 2006, na Kenya mwaka 2007. Kongo ilikuwa na kanuni ya kazi ya tarehe 9 Agosti 1967, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, na hiyo ya pili ina sehemu nzima inayohusu afya na usalama kazini. Mwezi Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Hata hivyo, historia ya hospitali inaonyesha kwamba somo lilipatikana kabla ya sheria, na kwa gharama kubwa.

Yambuku na Kikwit

Mwishoni mwa Agosti 1976, ugonjwa usiojulikana ulizuka katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati huo. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano tu ya sindano kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku hiyo, na kwamba mabomba hayo yalisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na hospitali ikafungwa mwishoni mwa Septemba. Watu 318 waliugua, na 280 wakafa. Ugonjwa ulipewa jina la mto Ebola.

Virusi havikujulikana na mtu yeyote wakati huo, na hapo mtu angeweza kudai kwamba ajali haikuwa na kinga. Lakini hatari ya sindano moja kuchoma wengi ilikwisha kujulikana zamani kabla ya virusi hivyo kupewa jina. Kupima hatari hakudai kujua kila ugonjwa. Kunadai kutazama kazi inavyofanyika.

Mwaka 1995, ugonjwa ule ule ulifika Kikwit. Mwezi Aprili mfanyakazi mmoja wa maabara alipasuliwa tumbo katika Hospitali Kuu ya mji huo, na waliompasua na kumuuguza wakaambukizwa, miongoni mwao masista wa Kiitaliano. Watu 315 waliugua kwa jumla, na takriban 80 kati yao walikuwa wahudumu wa afya, yaani robo nzima. Glavu, barakoa, aproni na utaratibu wa kuwatenga wagonjwa vilipoletwa mwezi Mei, maambukizi ya wahudumu yalikaribia kukoma. Wauguzi walikuwa wale wale na virusi vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni mpango wa kazi. Kwa hiyo vifo vya kabla ya Mei haviwezi kuitwa ajali kwa maana ya asili ya neno hilo.

Mgodi usio na mwajiri

Kati ya mwaka 1998 na 2000, homa ya Marburg iliwapata watu 154 huko Durba na Watsa, kaskazini mashariki mwa Kongo, na 128 wakafa. Zaidi ya nusu walikuwa wachimbaji wadogo wa dhahabu waliofanya kazi chini ya ardhi, hasa katika mgodi wa Goroumbwa uliokuwa na popo wengi. Wenyeji walikuwa na jina la homa hiyo ya kutoka damu miaka mingi kabla ya maabara kuitambua. Yaani wafanyakazi wenyewe walikwisha kuitambua hatari. Lakini wachimbaji wale waliingia shimoni bila mkataba na bila msimamizi anayewajibika. Hapakuwa na mtu wa kuandika walichokijua, wala wa kufunga shimo. Mlipuko ulikoma mgodi ulipojaa maji mwaka 2000. Maji ndiyo yaliyofanya kazi ya mwajiri.

Mwaka 2007 homa hiyo hiyo iliwapata wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, ambamo pia waliishi popo. Safari hii wagonjwa walikuwa wachache, na hatua zilichukuliwa mapema.

Mfano wa Durba unafundisha jambo ambalo vitabu vya sheria hulichukulia kuwa tayari lipo: kupima hatari kunahitaji kwanza awepo mtu anayeweza kuitwa mwajiri.

Bonde la Semuliki

Mwezi Novemba 2007, Uganda ilitangaza Ebola katika wilaya ya Bundibugyo, chini ya milima ya Ruwenzori. Virusi vilikuwa vya aina mpya, vikapewa jina la wilaya hiyo. Wahudumu kadhaa waliambukizwa kabla ugonjwa haujatambuliwa, na Dakta Jonah Kule wa hospitali ya Bundibugyo alifariki mwanzoni mwa Desemba. Sheria ya Uganda ya usalama kazini ilikuwa na umri wa mwaka mmoja.

Kamango iko ng'ambo tu ya mpaka. Watalinga wa upande wa Kongo na Babwisi wa upande wa Uganda huzungumza lugha moja, huoleana, na huuguzana. Tarehe 11 Julai 2013, wapiganaji wa ADF walipoushambulia mji wa Kamango, watu zaidi ya 60,000 walikimbilia Bundibugyo. Kwa hiyo yeyote anayepima hatari za kazi katika hospitali ya Kamango hawezi kuishia kwenye ukuta wa hospitali. Hana budi kuhesabu mpaka, soko, njia za wakimbizi, na vita vyenyewe.

Haja hiyo ilidhihirika wazi zaidi tangu tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini. Mpaka kutangazwa mwisho wake tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Wahudumu wa afya walioambukizwa walikuwa kama 170, yaani karibu watano katika kila mia. Ukilinganisha na robo ya Kikwit, tofauti ni kubwa, na haikuja kwa bahati. Chanjo ilianza kutolewa wiki moja baada ya tangazo, na wahudumu walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuchanjwa. Wagonjwa walichujwa mlangoni. Maji ya klorini yaliwekwa, hafifu kwa mikono na makali kwa vyombo.

Hata hivyo, mapengo yalibaki. Huko Beni, mwaka 2018, watoto waliopelekwa kutibiwa malaria waliambukizwa Ebola katika vituo vidogo vya watu binafsi, ambako sindano ilitawala na kinga haikuwapo. Aidha, hatari ya pili ilikua kando ya ile ya virusi. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwezi Februari 2019. Tarehe 19 Aprili mwaka huo, Dakta Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani, raia wa Kamerun, aliuawa kwa risasi mjini Butembo akiwa kazini. Kwa muuguzi wa Beni, vazi la kinga lilizuia virusi, lakini halikuzuia risasi. Na wapo waliolivua njiani ili wasitambulikane.

Chanjo iliyotumika nayo ilikingia aina ya Zaire, si aina ya Bundibugyo. Kwa Kamango, iliyopakana na chimbuko la aina hiyo ya pili, karatasi ya hatari iliyonakiliwa kutoka mji mwingine ingekuwa pungufu tangu mstari wa kwanza.

Mwajiri ni nani?

Swali la Durba linarudi hapa kwa sura nyingine. Kanuni ya kazi ya mwaka 2002, katika kifungu chake cha kwanza, inawaweka kando watumishi wa kudumu wa serikali, ambao wana sheria yao. Muuguzi wa serikali basi hasimami moja kwa moja chini ya kinga ya kanuni hiyo. Zaidi ya hayo, wauguzi wengi wa Kongo hufanya kazi bila mshahara wa serikali, wakiishi kwa sehemu ya malipo ya wagonjwa. Wizara huwapa cheo, misheni au kamati huwapa jengo, shirika la kigeni huwapa posho kwa miezi kadhaa, na mgonjwa huwapa chakula. Kila mmoja ni mwajiri kwa kiasi fulani, na siku ya msiba kila mmoja huweza kusema si mimi.

Hitimisho

Historia hii yathibitisha kwamba hatari kubwa za hospitali zilijulikana, au zingaliweza kujulikana, na watu waliokuwa wakifanya kazi humo. Mara nyingi kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuuliza, kuandika na kutenda. Muuguzi wa Kamango ajuaye kwamba glavu zitakwisha Alhamisi amekwisha kupima hatari. Asichonacho ni wa kumpelekea hesabu hiyo. Mpaka mtu huyo apatikane kwa jina na kwa sheria, methali ya kwanza itaendelea kutamkwa makaburini, na itaendelea kumfaa yule aliyepaswa kuweka kinga.