Kupukutika manyoya kwa sungura wa kufugwa

Kupukutika manyoya ni badiliko la kawaida ambalo sungura wa kufugwa (Oryctolagus cuniculus) huachia manyoya yaliyochakaa na kuotesha mapya. Si ugonjwa, lakini lina hatari yake. Sungura hujilamba mara nyingi kwa siku, humeza manyoya anayolamba, na hawezi kutapika. Paka akizidiwa na manyoya hulitema donge; kwa sungura kilichomezwa hakina njia nyingine ila kupita utumbo wote na kutoka na mavi. Ndiyo sababu matunzo ya kipindi hiki hulenga tumbo kuliko ngozi.

Asili ya mnyama huyu ni rasi ya Iberia, zilipo Hispania na Ureno, na mwili wake hutambua majira kwa urefu wa mchana. London, ambako mchana wa Desemba haufiki saa 8 na wa Juni hupita saa 16, sungura hupukutika kwa wingi baridi inapokwisha na tena inapokaribia. Mkuyuni, kata ya Wilaya ya Nyamagana katika Jiji la Mwanza, iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki nusu saa. Mwili wa sungura haupati hapo ishara kali ya kuanza au kukoma. Sungura wawili wa banda moja wanaweza kupukutika miezi tofauti kutegemea umri, joto, lishe na uzazi; mwingine hupukutika kidogo kidogo karibu mwaka mzima. Ratiba za vitabu vya Ulaya hazimsaidii mfugaji wa kando ya Ziwa Victoria. Humpasa amkague mnyama mwenyewe kila wiki.

Watoto wa sungura huzaliwa uchi. Koti lao la utotoni hubadilishwa kwa awamu, na wengi hupata la ukubwani kati ya miezi 4 na 6. Kwa mkubwa kazi huanza mara nyingi kichwani na shingoni, hufuata mgongo, kisha mbavu na mapaja, na huchukua wiki 2 hadi 6. Vishungi hujitokeza na kuvutika kwa urahisi, na pengine mstari huonekana wazi kati ya koti jipya na la zamani. Alama ya usalama ni ngozi iliyo chini: huwa safi, haina magamba wala vidonda, na manyoya mapya yameshaanza kuchomoza.

Hali nyingine hufanana na hii. Jike mwenye mimba, ambayo huchukua takriban siku 31, hujing'oa manyoya ya kifuani na tumboni siku chache kabla ya kuzaa ili atandike kiota. Hayo huachwa pale pale, kwani ndiyo blanketi la watoto. Mapunye huacha mabaka ya mviringo yenye magamba na huweza kumwambukiza binadamu. Upele wa masikio hujaza gamba zito ndani ya sikio, na sungura hutikisa kichwa bila kutulia. Chanzo kingine hakitajwi mara nyingi nacho ni lukina, mti unaopandwa sehemu nyingi kwa malisho. Majani yake yana sumu ya mimosini, ambayo hunyonyoa manyoya. Ng'ombe na mbuzi waliozoea huwa na bakteria tumboni wanaoivunja, sungura hana. Mfugaji anayegawa fungu moja la majani kwa mifugo yote hutafuta ugonjwa ambao ameubeba mwenyewe kutoka shambani.

Kuchana ndiyo kazi ya mikono. Wakati wa kawaida mara moja kwa wiki hutosha. Manyoya yakipukutika kwa wingi ni kila siku, dakika chache tu. Sungura huwekwa mapajani au juu ya meza yenye kitambaa kisichoteleza, huchanwa kwa brashi laini kufuata ulalo wa manyoya, kisha hupapaswa kwa viganja vilivyoloweshwa kidogo ili kukusanya yaliyolegea. Ngozi yake ni nyembamba na huchanika upesi, hivyo vifundo hufunguliwa kwa vidole, si kwa kuvuta. Hanyanyuliwi kwa masikio; mkono mmoja hushika kifua na mwingine makalio, maana akirusha teke angali ananing'inia anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Kumwogesha hakufai: humtia hofu kubwa na manyoya yake hukawia kukauka.

Kinachosukuma manyoya tumboni ni nyuzinyuzi na maji. Nyasi, mbichi au zilizokaushwa, ziwe sehemu kubwa ya mlo na zisikosekane bandani: ukoka, mabingobingo, zikiongezewa mchunga au matembele. Pumba ni za kuonjesha. Chakula cha kuku hakimfai hata kidogo. Kina wanga mwingi, Mwanza mara nyingi huchanganywa na dagaa, na baadhi ya aina zina dawa za koksidia zinazomdhuru sungura. Maji ni takriban mililita 50 hadi 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Wapo wanaompa juisi ya papai au nanasi wakiamini huyeyusha manyoya. Haiyeyushi, na sukari yake huvuruga utumbo.

Mavi husema mapema. Punje zilizoungana kwa unyoya mithili ya shanga zaonyesha kwamba manyoya yanamezwa kwa wingi lakini bado yanapita: nyasi na kuchana viongezwe. Punje zikiwa ndogo, kavu na chache, utumbo umeanza kuzubaa. Sungura asiyekula wala kunya kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo, hata kama anaonekana ametulia tu.

Banda nalo lina sehemu yake. Mkuyuni, kama vilima vingi vya Mwanza, ina nyumba zilizojengwa kati ya mawe makubwa ya matale, na jiwe lililopigwa jua mchana huendelea kutoa joto baada ya jua kuzama. Kizimba kilichoegemezwa kwenye jiwe hilo, au kilichoezekwa bati tupu, humchosha mnyama asiyetoka jasho la kumpoza. Joto likipita nyuzi 30 za Selsiasi huhema kwa kasi na kuacha kula. Kivuli cha mti na upepo wa ziwa hufaa zaidi. Wakati wa mvua tatizo ni nzi: hutaga kwenye manyoya yaliyolowa mkojo karibu na mkia, na mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja, funza wakaanza kula nyama. Sehemu hiyo hukaguliwa kila siku.

Dawa za kunyunyiza za mbwa zenye fipronili zinaweza kumuua sungura. Kwa upele, daktari wa mifugo hutumia ivamektini kwa kipimo cha uzito. Manyoya yaliyochanwa hukusanywa yakiwa na unyevu kidogo yasiruke, hasa nyumba ikiwa na mwenye pumu, kisha huchanganywa na samadi, ambamo huoza polepole.