Magunia Mawili ya Paa: Historia Fupi ya Kujiandaa na Masika Kyela

Mama yangu, mkulima wa mpunga wa Talatala wilayani Kyela, ana daftari la shule lenye jalada lililochakaa ambamo huandika mapato na matumizi ya nyumba yake. Kila mwaka ukurasa wa mwezi Juni huanza kwa mstari uleule: "Magunia mawili, ya paa." Maana yake ni kwamba kabla hajauza hata debe moja la mavuno mapya, ametenga magunia mawili ya mpunga ambayo hayataguswa, hata kwa harusi, mpaka yauzwe Januari kulipia matengenezo ya nyumba kabla ya masika.

Mwaka mmoja tu mstari huo haumo. Ni mwaka nilioanza chuo kikuu. Magunia yale yaliuzwa Juni kwa bei ya Juni, yakawa nauli, godoro na ada. Machi iliyofuata ukuta wa jiko ulianguka usiku, na gunia la mwisho la chakula likalowa. Sikuandikiwa habari hiyo. Niliikuta nilipokwenda likizo. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu, "Mwanangu, ungefanya nini? Ungeacha shule uje kushika ukuta?"

Nimekuwa nikilifikiria jibu hilo kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika makala haya nataka kulijibu kwa historia: nani alishika ukuta zamani, na kwa nini leo mama anaushika peke yake?

Wenzetu wa nchi za kaskazini hujiandaa na majira ya baridi. Huziba nyufa za madirisha, hukagua mitambo ya joto, hupiga hesabu za gesi. Uingereza ililifanya jambo hilo kuwa la kisiasa: tangu 1997 serikali huwalipa wazee posho ya kupasha joto nyumba zao. Mwaka 2024 serikali ilipowaondolea posho hiyo wazee wengi, hasira ya umma ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka uliofuata ililazimika kurudi nyuma kwa sehemu kubwa. Tuichukulie kama funzo: msimu mgumu unaweza kuhesabiwa kuwa ni jambo la taifa, wala si siri ya jiko la mjane mmoja.

Msimu mgumu wa Kyela si baridi. Baridi ni ya majirani zetu wa Tukuyu na Makete. Kyela iko tambarare, kando ya ziwa lililo takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali Mlima Rungwe, wenye karibu mita 3,000, uko karibu kiasi kwamba siku ya anga safi huuona ukiwa shambani. Kati ya mlima na ziwa hushuka Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Upande wa mpaka wa Malawi unapita Songwe, mto wenye tabia ya kuhama njia yake. Kwa hiyo mvua ikinyesha Rungwe usiku, maji yanaweza kuingia Kyela asubuhi jua likiwaka. Mvua kubwa ni za Machi na Aprili. Zikipungua, upepo wa kusi, ambao wavuvi wa upande wa Malawi huuita mwera, husukuma mawimbi hadi ufuko huu wa kaskazini. Ziwa lenyewe halina kimo cha kudumu. Kati ya 1915 na 1935 lilikuwa chini kiasi kwamba maji yaliacha kutoka kupitia mto Shire. Kufikia 1980 lilikuwa limejaa kupita kiasi na kumeza fukwe.

Watu walioishi katika mazingira haya hawakuwa wajinga wa mvua. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879, alistaajabia nyumba zao: fremu za mianzi zilizojazwa mabonge ya udongo yaliyofinyangwa kwa mikono, paa nene za nyasi, nyua zilizofagiliwa chini ya migomba. Wageni wengi waliusifu unadhifu huo na kuishia hapo. Kwa mwanahistoria, swali lenye uzito zaidi ni hili: nani alizijenga na kuzitengeneza nyumba hizo, na kwa malipo gani?

Jibu limo katika utafiti wa Godfrey na Monica Wilson, walioishi miongoni mwa Wanyakyusa katikati ya miaka ya 1930. Kitabu cha Monica Wilson, Good Company, kilichochapishwa 1951, kinaeleza vijiji vya marika: vijana wa umri mmoja waliondoka katika nyua za baba zao na kujenga kijiji chao, wakaishi pamoja mpaka uzeeni. Jirani wa mtu alikuwa rika lake. Mianzi na nyasi zilipatikana kwa kukatwa. Gharama kubwa ilikuwa nguvu kazi, na nguvu kazi hiyo ililipwa kwa chakula, pombe na ahadi isiyoandikwa kwamba leo tunaezeka kwako, kesho kwangu. Sidai kwamba ulikuwa ulimwengu wa haki. Wanawake na vijana walibeba mzigo mkubwa wa kuwatumikia wazee, na watu walishutumiana uchawi. Lakini katika jambo moja ulikuwa na busara: maandalizi ya msimu yalikuwa deni la watu kwa watu, na deni la namna hiyo hata maskini anaweza kulilipa.

Kisha ikaja kodi. Utawala wa Wajerumani ulitangaza kodi ya kibanda mwaka 1897 na kuanza kuikusanya 1898. Huku kwetu ilisimamiwa kutoka boma la Neu Langenburg, Tukuyu ya leo. Tuutafakari muundo wake: kilichohesabiwa ni nyumba. Nyumba, iliyokuwa kinga ya familia, ikawa kipimo cha deni lake kwa dola. Waingereza waliendeleza mtindo huohuo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Fedha ya kodi haikupatikana kwa kuezekeana. Ilibidi kuuza mazao au kuuza nguvu. Wanaume wa Unyakyusa wakaenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, na baadaye kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. P. H. Gulliver aliandika kuhusu uhamaji huo katika miaka ya 1950. Kila kijana aliyekuwa mgodini alikuwa mkono mmoja uliopungua siku ya kuezeka.

Aliporudi, mara nyingi alikuja na tamaa ya bati na tofali. Simlaumu. Bati haliozi kama nyasi, na tofali la kuchoma ni kiburi halali cha mtu aliyetoka jasho. Lakini bati, misumari na saruji havikatwi porini. Hapo ndipo badiliko kubwa lilipokamilika: kujiandaa na masika, jambo lililotegemea ujirani, likawa jambo la fedha taslimu. Na fedha ya mkulima wa mpunga ina majira yake.

Mpunga wa Kyela huvunwa kuanzia Mei na Juni. Wakati huo kila mtu anauza, na bei iko chini. Januari hadi Machi maghala ya nyumbani yamepungua na bei imepanda. Ndipo pia ada za shule zinadaiwa na mvua inakaribia. Kaya isiyo na akiba huuza rahisi Juni na kununua ghali Machi, na mwenye dhiki zaidi huuza mpunga ungali shambani. Kwa hiyo paa linalovuja Machi lilianza kuvuja Juni, sokoni. Magunia mawili ya mama si uhodari wa kubana matumizi tu. Ni ghala, ni benki na ni bima, vyote vikiwa chini ya kitanda cha mwanamke mmoja.

Dola yetu iko wapi katika hesabu hii? Mara nyingi inakuja baada ya maji. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya kaya 51,000. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, inayotambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Ni sheria njema. Lakini kamati inayokutana Aprili kuhesabu waliobomokewa ni kamati ya mazishi ya nyumba. Inapaswa kukutana Julai.

Naitaja Julai kwa makusudi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, wakati mkulima wa Kyela anamaliza kuvuna. Kalenda ya dola na kalenda ya shamba zinaanza pamoja, kisha zinapotezana: kila mtumishi wa halmashauri anajua jinsi fedha za mitaro na makalavati zinavyoweza kufika wakati mafundi hawawezi tena kuchimba kwa sababu ya matope. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF umekuwa na ajira za muda kwa wanakijiji. Ajira hizo zikielekezwa kwenye mitaro na kingo za mito kati ya Septemba na Januari, kijiji kitakuwa kimelipwa kujikinga. Na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, ambayo wakulima wetu wa kakao wanaijua vizuri, ililenga tatizo lilelile la kuuza kwa haraka. Faida yake kwa mkulima mdogo wa mpunga itategemea kama anapata malipo ya awali ya kumvusha Juni. Bila hayo, stakabadhi ni karatasi tu mkononi mwa mwenye njaa.

Wanaharakati nao wasisubiri dola. Kikundi cha kuweka na kukopa cha mama kilikuwa kikigawana akiba Desemba, kama vikundi vingi, na fedha ikaishia kwenye nguo na pilau za Krismasi. Miaka michache iliyopita akina mama hao waliuhamishia mgao mwishoni mwa Januari, wakakubaliana pia kusaidiana kwa zamu kuchimba mitaro na kukandika kuta za wajane. Hakuna mfadhili aliyewafundisha. Waliurudisha ule ujima wa zamani na kuutia ndani ya daftari la fedha za leo, safari hii wanawake wakiwa ndio wenye kuamua.

Kwa hiyo, mama, jibu langu ni hili, ingawa limechelewa. Nisingeacha shule nije kushika ukuta. Lakini haikuwa halali kwamba ilibidi kuchagua kati ya ukuta wako na shule yangu. Uchaguzi huo ulitengenezwa na historia, kwa kodi, kwa migodi na kwa bei ya Juni. Nao unaweza kuondolewa kwa bajeti, kwa sheria na kwa majirani. Mpaka hapo, naomba magunia mawili ya mwaka huu yabaki palepale. Ada za wajukuu ni juu yangu.